Mwisho Umo Ndani ya Bonge

Likizo yangu ni wiki nne, Julai nzima,
na jua la kisiwa cha Hiiumaa halilali mpaka saa tano usiku.
Dada yangu Leida amenipigia kutoka Tartu:
"Joto lote hili, nawe umejifunika sufu mapajani?"
Nikamwambia, angojaye baridi ndipo ashike sindano
atavaa mikono ya sweta isiyo na kiwiliwili.

Siku ya kwanza nilihesabu akiba.
Kabatini, mabonge thelathini na moja.
Chini ya kitanda, masanduku mawili
ambayo Arvo, mume wangu, anaamini ni ya shuka.
Ndani ya friza, baina ya samaki na zambarau za mwaka jana,
kilo tatu za kijivu, ili mayai ya nondo yafe kwa baridi.
Ndani ya piano — basi, ya piano tuyaache.
Mwezi wa pili niliapa sinunui tena hata uzi wa kufungia kifungo.
Mwezi wa tatu pakawa na mnada mjini,
na kiapo, kama uzi mbovu, kikakatikia kilipovutwa.

Kitabu cha likizo nilikitoa rafu ya mama.
Cha upelelezi. Daktari wa meno kalala kifudifudi
kati ya kabichi zake, na watu saba
wote walikuwa na jino la kumlipizia.
Nasoma huku nafuma: kitabu kimelala mezani,
viazi viwili vimekibana kisijifunge,
macho huku, vidole kule.
Sura moja, kisigino kimoja.
Mpelelezi hufumbua, mimi hufumua;
herufi moja tu imetutenga,
na yeye hajawahi kuruka kitanzi safu ya tatu
akakigundua safu ya arobaini.

Sura ya mwisho, amewakusanya wote saba sebuleni,
amefunga mlango, ametia ufunguo mfukoni,
anasema: "Aliyemuua ni"

na ukurasa haupo.
Umekatwa kwa mkasi, taratibu, ukingo umenyooka.

Nikampigia mama. Ana miaka themanini na minane,
anaishi kwa Leida, masikio yake mazima akipenda.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Ule mwisho? Haukuwa mzuri. Nikaukunja mara nne
nikazungushia uzi. Bonge halikai bila kiini."
Bonge lipi, mama?
"Mojawapo ya yale tisa niliyokuachia.
Na ukilikunjua bila kulifuma, nitajua."

Sijui angejuaje. Lakini sikuthubutu.

La kahawia likawa soksi za Arvo.
Ndani yake: tiketi ya basi, imetobolewa mara mbili.
La kijani, kofia ambayo hakuna aliyeiomba.
Ndani yake: pakiti tupu ya mbegu za karoti.
La samawati lilinila siku kumi na moja, shali,
nililifumua mara mbili, na mara ya pili nilitukana.
Ndani yake: nusu ya barua, mwandiko wa mwanamume,
"Helmi, kuhusu lile deni, usimwambie"
Nikaitia kwenye kopo la vifungo. Sijamwuliza mama.
Jekundu, glavu. Ndani yake ukurasa!
Mikono ilinitetemeka nilipoukunjua.
Ukurasa wa themanini na saba, wa kitabu kingine kabisa:
mtu anapanda ngazi gizani, ameshika bata hai,
na sentensi inakatika akiwa hewani.
Sasa nina watu wawili wa kuwawazia usiku.

Agosti imeanza. Nimerudi kibandani, bandari ya Heltermaa,
nakata tiketi za feri, na kati ya feri na feri
nafuma lile jeupe. Yamebaki matano.
Jioni Arvo ananiuliza mlangoni, hata viatu hajavua:
"Haya, nani aliyemuua?"
Sijui, namwambia.
Leta mguu nikupime.